Tulikwenda Dukani na Futi ya Kushonea

Ndugu msomaji, iwapo nawe umepata kusimama mlangoni saa tano za usiku, tochi mkononi, ukimwita mwanao kwa jina na kuitikiwa na mbwa wa jirani, basi hutashangaa kwamba habari hii ya kununua televisheni naianzia mlangoni badala ya dukani.

Ilikuwa Jumamosi, Mei 31, 2025. Sisi tunakaa Mabatini hapa Mwanza, katika zile nyumba zilizopandana mlimani juu ya mawe, ambako jirani wa juu akimwaga maji jirani wa chini hujua wenzake wamepika nini. Kijana wangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 15, alikuwa ameaga jioni kwamba anakwenda kuazima daftari. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita, daftari halikuja wala mwazimaji. Nikashuka bondeni kwa tochi, na nikamkuta mahali ambapo moyo wangu ulikuwa umekwisha kuniambia: katika kibanda umiza.

Wenye vibanda hivyo wana riziki yao, nami sina ugomvi nao. Lakini kile nilichokiona usiku ule kilikuwa chumba cha mabati chenye mlango mmoja, benchi zimebanana, watu wazima waliokwisha kunywa wakipiga kelele, na wengi wao wameshika mikeka ya kubeti. Mwanangu alikuwa katikati yao. Paris Saint-Germain walikuwa wakiifunga Inter Milan, mchezo ambao ulikwisha kwa mabao 5 kwa 0, naye alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa. Njiani nikaupata ukweli: alikuwa amechukua shilingi 2,000 katika kopo la chenji la mama yake, akampa mtu mzima amwekee fedha hizo kwa Inter.

Nyumbani nilijiandaa kutoa hotuba. Mama watoto hakunipa nafasi. Alimtuma kijana akalale, kisha akanigeukia mimi.

“Baba watoto,” akasema, “hapa nyumbani tumemwekea nini cha kutazama usiku? Mawe?”

Nilikosa jibu, kwa sababu televisheni yetu ya zamani, ile ya chogo ya inchi 21, ilikuwa imekufa tangu mvua za Aprili. Wenyeji wa pwani ya ziwa hawahitaji kuelezwa radi ya huku. Ziwa Victoria ni miongoni mwa mahali duniani panapopigwa radi mara nyingi mno, na nyingi huja usiku, wakati watu wamelala na waya wa antena umebaki umechomekwa. Wetu ulikuwa umechomekwa.

Sasa sharti nieleze habari ya fedha, maana bila hiyo haya mengine yatakuwa mchezo. Mimi ni mtunza bohari katika kiwanda kimoja cha minofu ya samaki. Mshahara wangu hufika tarehe 28 na kufikia tarehe 10 huwa umebaki jina. Mama watoto ni fundi cherehani, ana meza yake barazani karibu na soko la Mlango Mmoja. Katika upatu wa mafundi wenzake, zamu yake ilikuwa Julai: shilingi 600,000. Fedha hizo tulikuwa tumezipangia kazi tangu Januari, nayo ni kununua cherehani ya ovaloki, ile inayofunga kingo za nguo zisitoke nyuzi. Kwa kuwa hana mashine hiyo, kila gauni analolishona hulipeleka kwa mwenzake likafungwe kingo kwa shilingi 1,000. Magauni 40 kwa mwezi ni shilingi 40,000 zinazotoka mezani kwake na kuingia mezani kwa mwingine.

“Nitakukopesha 400,000,” akaniambia. “Nimesema nakukopesha. Sikupi.”

Basi, ndugu msomaji, hivyo ndivyo nilivyoingia sokoni: na mkopo wa mke wangu mfukoni, na mkopeshaji mwenyewe pembeni yangu, akiwa amevaa futi yake ya kushonea shingoni kama kawaida ya mafundi.

Hapo naomba nichepuke kidogo. Sisi tuliozaliwa miaka ya 1970 huku bara tulikua bila chombo hiki. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba walipata televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzo wa miaka ya 1970, lakini bara ilihesabiwa kuwa anasa ambayo nchi haiwezi kuigharimia, na vituo vya kwanza vikaanza mwaka 1994 tu. Kwa hiyo mtu wa umri wangu anaponunua televisheni hana urithi wa maarifa kutoka kwa baba yake. Baba yangu alinifundisha kuchagua jembe, baiskeli na redio. Kwa televisheni sote tumejifunzia ukubwani, na wauza maduka wanajua hivyo.

Dukani la kwanza, mtaa wa Makoroboi, kijana mmoja mchangamfu alitupokea kwa “Karibu mzee, karibu mama,” na kabla hatujakaa alikuwa amekwisha kuwasha televisheni sita kwa mpigo. Zote zilionyesha samaki wa rangi wakiogelea na maua yakichanua. Picha zilikuwa nzuri kupita kiasi. Sangara ninaowaona kazini kila siku hawajapata kung'aa namna ile. Baadaye nilifahamu kwamba picha hizo hutengenezwa makusudi kwa ajili ya dukani, na kwamba televisheni yenyewe huwekwa katika hali ya dukani, mwanga na rangi vikiwa vimepandishwa hadi mwisho. Ukitaka kuijua televisheni, mwombe muuzaji azime samaki wake akuwekee taarifa ya habari au mchezo wa mpira, kisha utazame maandishi madogo yanayopita chini na tarakimu za matokeo kwenye kona. Hapo ndipo chombo husema kweli.

“Hii ni HD, mzee. Hii nayo ni Full HD. Na hii ni 4K,” kijana akasema, akipandisha sauti na bei kwa pamoja.

Nikamwuliza HD maana yake ni nini. Akajibu kwamba maana yake ni picha kali. Nikamwuliza kali kiasi gani. Akasema kali sana. Full HD je? Hiyo, akasema, ni kali zaidi.

Aliyenielewesha alikuwa mama watoto, baada ya mwanetu kumsomea tarakimu zilizoandikwa kwenye sanduku. “Kumbe ni nyuzi,” akasema. Ni kweli kabisa. Picha ya televisheni imefumwa kama kitambaa. Ile ya chogo ilikuwa na mistari 576 ya picha kutoka juu hadi chini. HD ya kawaida huanzia mistari 720, na televisheni nyingi za inchi 32 zinazouzwa kwa jina hilo zina mistari 768, kila mmoja ukiwa na nukta 1366, yaani jumla ya nukta milioni 1 na kitu. Full HD ina mistari 1080 ya nukta 1920, jumla ikiwa zaidi ya milioni 2. Ile 4K ina mistari 2160 ya nukta 3840, zaidi ya milioni 8. Nyuzi zikiwa nyingi katika inchi moja, kitambaa huwa laini na ua lililochorwa juu yake huonekana vizuri. Zikiwa chache, unapata gunia.

“Lakini,” mama watoto akaongeza, na hapa ndipo nilipomheshimu upya, “kitambaa ukikitazama toka ng'ambo ya barabara, nyuzi huzihesabu?”

Hilo ndilo swali ambalo hakuna muuzaji aliyetuuliza katika maduka matano tuliyopita. Siku hiyo tulirudi nyumbani mikono mitupu, tukapima sebule. Toka kochi hadi ukutani tulipata mita 2 na sentimita 60. Kijana wangu, ambaye alikuwa bado anatafuta njia ya kusamehewa, alichukua penseli. Jicho zima la binadamu, kama walivyomfundisha shuleni, hutenganisha nukta mbili zilizopishana kwa sehemu moja ya 60 ya digrii; chini ya hapo huziona kuwa moja. Kioo cha inchi 32 kina upana wa sentimita 71 hivi. Akagawa, akazidisha, akatuletea jibu: ukikaa zaidi ya mita 1 na sentimita 80 toka televisheni ya inchi 32 yenye mistari 768, nukta zake huwezi tena kuzitenganisha. Ile ya Full HD ya ukubwa huohuo hufikia hapo kwa mita 1 na robo. Maana yake ni kwamba kwa kochi letu zote mbili ni kitambaa kimoja, isipokuwa bei. Na 4K ya inchi 43, ambayo yule kijana wa dukani aliipigia debe hadi jasho likamtoka, ingetutaka tukae karibu yake kiasi cha sentimita 85 ndipo tufaidi nukta tulizozilipia. Kwa umbali huo mtu hutazama chungu jikoni.

Sisemi kwamba Full HD ni upuuzi. Mwenye sebule pana na kioo cha inchi 55 atauona mstari 1080 na kuushukuru. Na anayetaka kuitumia televisheni kama kompyuta, akisoma maandishi kwa karibu, naye ana haki yake. Nasema tu kwamba upime nyumba yako kwanza, kwa sababu muuzaji anauza akiwa hajaiona.

Jumamosi ya pili, Julai 26, fedha za upatu zikiwa mkononi, tulirudi tukiwa na futi na swali. Mambo tuliyoyaona siku hiyo yanatosha kitabu. Duka moja lilikuwa na televisheni yenye jina lililofanana mno na la kiwanda kikubwa cha Japani. Ilibidi mwanangu ayasome majina mawili pamoja ndipo tukagundua kwamba herufi moja imebadilishwa. Duka jingine lilikuwa na televisheni ya “inchi 32” kwa bei ya kutamanisha. Mama watoto akaivua futi shingoni, akaitandaza toka kona ya chini ya kioo hadi kona ya juu ya upande wa pili, maana hivyo ndivyo vioo vinavyopimwa. Inchi 32 ni sentimita 81 na kidogo. Futi ilisoma 76, ambazo ni inchi 30 kavu.

“Mama, hiyo hupimwa pamoja na fremu,” muuzaji akasema.

“Nami nikikushonea suruali nipime pamoja na viatu?” mama watoto akamjibu, na watu waliokuwa mlangoni wakacheka hadi yule bwana naye akacheka.

Jambo la tatu lilikuwa la hila zaidi. Televisheni ilikuwa na karatasi kubwa inayong'aa imebandikwa mbele: Full HD. Tukaigeuza. Nyuma, kwenye kibati kidogo kando ya matundu ya waya, palikuwa na maandishi membamba: 1366 kwa 768. Sikutaka kugombana kwa kuwa, kama nilivyopata kuelezwa, televisheni ya namna hiyo inaweza kweli kupokea picha ya mistari 1080, ila huibana ndipo iitoshe katika mistari yake 768. Kwa hiyo karatasi ya mbele inasifu mdomo wa chombo, na kibati cha nyuma kinasema ukubwa wa tumbo. Soma kibati.

Kuna na hii habari ya dabo glasi, ambayo hapa mjini imekuwa sifa kuu kuliko zote. Ni kioo cha pili kigumu kilichowekwa mbele ya kioo chenyewe. Kwa nyumba yenye watoto wanaorushiana mpira ndani, kinga hiyo si ya kudharau. Hata hivyo kioo hicho hurudisha mwanga kama kioo cha kujitazamia. Sebule yetu ina dirisha linalotazama magharibi, na jua la jioni huingia moja kwa moja. Tungekaa alasiri tukijitazama wenyewe. Tukaiacha. Habari ya televisheni za kuunganishwa na intaneti tuliipita upesi: picha ya HD kwa njia hiyo huweza kumeza takriban gigabaiti 3 kwa saa, nami vifurushi vyangu nanunua vya siku.

Hatimaye tulichukua televisheni ya inchi 32, sentimita zake 81 zikiwa zimetimia kwa futi, yenye mistari 768 na haikudai zaidi ya hiyo. Bei iliyotajwa ilikuwa 360,000. Mama watoto akaishusha hadi 325,000, na stakabadhi ya mashine tukaidai na kuipata. Tuliongeza shilingi 30,000 za kifaa cha kulinda umeme, kwa sababu wakati mwingine umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, na shilingi 5,000 za bajaji. Jumla 360,000. Nyuma ya televisheni paliandikwa kwamba inakula wati 45. Ile ya chogo ilikula kama 75. Kwa saa 6 kila siku, hiyo ni yuniti 8 na kidogo kwa mwezi badala ya 13 na nusu. Mtumiaji mdogo asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, hutozwa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi. Hivyo faida si kubwa, ila kwa anayekaribia kuvuka yuniti 75, ambapo kila yuniti ya ziada hupanda hadi 350, yuniti 5 ni jambo la kutajwa.

Nilipanda mlima Mabatini nimebeba sanduku kichwani kama mshindi wa ligi. Watoto wa majirani walinifuata nyuma. Mama mkwe wangu, aliyekuja toka Ukerewe kutibiwa mtoto wa jicho pale Bugando na wakati huo alikuwa na jicho moja lililokwisha kupasuliwa, akakaa mbele kabisa. Tukachomeka, tukaunganisha king'amuzi kwa zile nyaya tatu tulizokuwa nazo siku zote, ya njano, nyeupe na nyekundu. Nikabonyeza.

Ndugu msomaji, ilikuwa kama kutazama kupitia uji. Nyuso za watu zilikuwa pana na zimevimba, maandishi yana ukungu, na mtangazaji tuliyemfahamu miaka mingi nilimtambua kwa sauti. Ile ya chogo, Mungu aiweke mahali pema, ilikuwa na picha safi kuliko hiyo. Jirani mmoja akasema kwa upole kwamba labda macho yatazoea. Watoto wakaondoka mmoja mmoja. Mama mkwe akasema yeye jicho lake bado halijapona, kwa hiyo hawezi kutoa hukumu. Mama watoto hakusema neno. Aliikunja futi yake, akaiweka juu ya cherehani, akaenda jikoni. Nimeoa miaka 18, na najua ukimya wa namna ile una maana gani. Ulikuwa na ovaloki ndani yake.

Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, nilikimbilia dukani. Muuzaji alinisikiliza kwa huruma nyingi, kisha akasema tatizo ni kwamba sikununua Full HD. Niongeze shilingi 150,000 tubadilishane. Nakiri kwamba nilishawishika. Mahesabu yote ya penseli, ya digrii na nukta, yaliniruka kichwani, nikaanza kufikiri ni nani kazini anayeweza kunikopesha. Mtu akiwa na aibu hununua chochote.

Kilichoniokoa ni kwamba hakuna aliyekuwa na fedha tarehe 28 kabla mshahara haujaingia. Siku nne tukaitazama ile picha ya uji. Alhamisi, kijana wangu alikuja na fundi wa redio anayefanyia kazi zake karibu na mto Mirongo, kijana mdogo asiyefika miaka 25. Aliamkia, “Shikamoo mzee,” nikaitika, akazunguka nyuma ya televisheni bila hata kuiwasha.

“Mzee, mmeunganisha na waya wa njano?”

Nikasema ndiyo, ndio waya wetu siku zote.

Akacheka, lakini kwa adabu. Ule waya wa njano, akatufahamisha, ni wa zama za chogo. Hauwezi kupitisha picha ya HD hata ukiuvuta namna gani. Huipeleka ile ya mistari 576, tena ikiwa imechakaa njiani, na televisheni mpya hulazimika kuitandaza juu ya nukta zake milioni 1 kama shuka la kitanda kidogo juu ya kitanda kikubwa. Nyuma ya king'amuzi chetu, chini ya vumbi la miaka, palikuwa na tundu pana na jembamba ambalo hatukupata kulitumia kwa sababu ile ya chogo haikuwa na tundu la kulingana nalo. Ni tundu la waya wa HDMI. Waya wenyewe ulikuwa shilingi 10,000. Kisha akaingia katika mipangilio ya king'amuzi, ambacho kilikuwa bado kimeamriwa kutoa picha ya 576, akakiamuru kitoe ya juu zaidi.

Mtunza bohari wa miaka 20, mtu anayejua kuhesabu maboksi gizani, nilikuwa nimepima kioo, sebule, umeme na mfuko, nikasahau kupima waya.

Bila shaka si kila kituo kiling'aa. Kituo kinachotangaza kwa picha ya kawaida hubaki na picha ya kawaida, na televisheni haina uwezo wa kuongeza nyuzi ambazo mtangazaji hakuzifuma. Vilevile wenye ving'amuzi vya kale, vya miaka ile mitambo ya analojia ilipozimwa, Dar es Salaam Desemba 31, 2012, nasi Mwanza mwishoni mwa Februari 2013, wasishangae wakigeuza king'amuzi na kulikosa tundu hilo. Vingi vya wakati ule havikuwa nalo, na mwenye nacho anapaswa kuhesabu bei ya king'amuzi pamoja na bei ya televisheni kabla hajatoka nyumbani. Fundi alitufundisha na jambo moja la mwisho, la bure: kupunguza mwanga wa nyuma wa kioo toka ule wa dukani hadi nusu. Vitaa vidogo vinavyoangaza kioo toka nyuma huungua mapema vikiachwa vinawaka kwa nguvu zote, na hapo utasikia sauti huku kioo kikiwa giza. Wateja wake wengi, alisema, huja kwa ugonjwa huo.

Jumamosi, Agosti 2, mashindano ya CHAN yalifunguliwa Dar es Salaam, Taifa Stars dhidi ya Burkina Faso. Nilihesabu watu 23 katika sebule ya mita 2 na sentimita 60, wengine wakiwa dirishani. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopaa kama moshi, waliingia kuufuata mwanga, tukazima taa ili wabaki wakihangaika na kioo peke yake, na mara kwa mara mtoto mmoja aliwafuta kwa kanga. Stars walishinda 2 kwa 0. Mama mkwe, kwa jicho lake moja, aliyasoma matokeo mwenyewe kwenye kona bila kuambiwa. Kisha akasema, “Kumbe hawa watoto hutoka jasho hivi!” Miaka yote alikuwa akidhani mpira ni kutembeatembea.

Kijana wangu alikaa sakafuni, mgongo wake ukiegemea miguu ya mama yake. Shilingi 2,000 za kopo amezirudisha kwa kubeba maji. Sitakudanganya kwamba kibanda umiza kimemtoka moyoni: Septemba aliniomba ruhusa aende tena, akasema nyumbani picha ni nzuri lakini kelele hazitoshi. Nikaenda naye. Nilikaa benchi la nyuma, na kwa kweli kelele zilikuwa tamu.

Deni langu lilikuwa shilingi 370,000 ukiuhesabu na waya, nami nikalilipa kwa shilingi 74,000 kila mwezi, miezi 5, tangu Agosti hadi Desemba, nikiweka fedha mkononi mwa mama watoto naye akiandika katika daftari lake la vipimo, kati ya kiuno cha mteja mmoja na mabega ya mwingine. Bei ya ile ovaloki, katika muda huo, ilikuwa imepanda kwa shilingi 70,000. Aliniambia habari hiyo bila kunitazama, akiwa anatia uzi katika sindano. Nimeongeza zamu mbili za usiku bohari. Jumamosi ijayo tunakwenda naye Makoroboi kuangalia mashine, na safari hii ameniambia nisiseme neno dukani, nibebe futi tu.